Sura ya Sita: Utando Unaozaliwa Majini

Sambaza, wale samaki wadogo, wakitoka Ziwa Kivu huwa wabichi na wanachuruzika maji. Mnunuzi wa Rubavu, mji wa Rwanda ambao wengi bado wanauita Gisenyi, akiwatia kwenye bahasha ya kaki, kitako cha bahasha kinalowa kabla hajafika nyumbani. Karatasi ni nyuzi za mti zilizolazwa na kukaushwa zikashikamana zenyewe kwa zenyewe, na nyuzi hizo zinapenda maji kuliko zinavyopendana. Zikilowa, zinaachana. Karatasi tupu haijaumbwa kubeba samaki mbichi, wala nyama, wala mandazi yaliyotoka kwenye mafuta sasa hivi.

Mashashi ya plastiki yaliweza kuvibeba vyote hivyo. Rwanda iliyapiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Zanzibar ilikuwa imeanza mwaka 2006. Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019. Lakini Rubavu ina jambo ambalo Kigali au Mombasa haina: jiji la Goma liko ng'ambo tu ya Petite Barrière, mpaka unaovukwa kwa miguu. Serikali ya Congo nayo ilitoa amri ya kupiga marufuku mifuko hiyo mwishoni mwa 2017, ila biashara yake haikukoma. Kwa miaka mingi wachuuzi, wengi wao wanawake, wameyavusha mashashi wakiwa wameyafunga tumboni na mapajani chini ya kitenge. Wakikamatwa hunyang'anywa mzigo, hutozwa faini, wengine huwekwa ndani. Magendo hayo mimi nayasoma kama ushahidi. Hakuna mama anayejihatarisha kwa kitu kisicho na wateja, na wateja wapo kwa sababu kazi iliyokuwa ikifanywa na mfuko ule haijapata mfanyakazi mwingine.

Kazi yenyewe ni ya utando. Kinachozuia maji katika mfuko wa plastiki ni ngozi nyembamba sana ya polima, yaani molekuli ndefu zilizofungamana kama uzi wa shanga, ambazo maji hayawezi kupenya. Hata kikombe cha karatasi cha kahawa, kile ambacho mnywaji anadhani ni karatasi tupu, kina ngozi kama hiyo ya poliethilini upande wa ndani, karibu asilimia 5 ya uzito wake. Ukikitupa, karatasi inaoza na ngozi inabaki. Sheria zetu ziliondoa mfuko na zilifanya vizuri. Zilichoacha ni pengo la utando, na sura hii inahusu namna ya kuliziba kwa polima zinazotoka kwenye mimea, zinazooza, na zinazopakwa zikiwa ndani ya maji.

Neno la mwisho hilo, maji, ndilo kiini cha mambo. Polima inayozuia maji haiyeyuki katika maji. Basi utaipakaje kwenye karatasi? Njia ya zamani ilikuwa kuiyeyusha katika kitu kingine. Pwani yetu inaijua vizuri: katika karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilibeba sandarusi kutoka Zanzibar, utomvu wa msandarusi uliochimbwa ardhini, ukapelekwa kuyeyushwa kwa mafuta na tapentaini ili kutengeneza vanishi. Vanishi ilikauka kwa kutoa mvuke unaoumiza kichwa na kushika moto. Mafundi rangi wa leo bado wanaishi na tofauti hiyo. Anayepaka rangi ya mafuta anasafisha brashi kwa tina na kufungua madirisha yote. Anayepaka rangi ya maji anasafisha kwa maji ya bomba. Katika rangi ya maji polima haijayeyuka. Imegawanyika kuwa vitone vidogo mno vinavyoelea, kila kimoja kimezungukwa na kitu kinachokizuia kisiungane na jirani yake. Mchanganyiko huo huitwa emulsheni. Kwa karakana ndogo yenye wafanyakazi watano na chumba kimoja, njia ya maji ndiyo pekee ninayoweza kuipendekeza kwa dhamiri safi. Kumfungia kijana ndani ya mvuke wa kiyeyushi kama tolueni ili atengeneze mfuko rafiki wa mazingira ni ukatili.

Mimea iliigundua njia hiyo kabla ya mtu yeyote. Kwenye vilima vya Rubavu nyumba nyingi zimezungushiwa ua wa umuyenzi, ule mnyaa ambao Watanzania wanaujua pia. Vunja kijiti chake, na maziwa meupe yatatoka papo hapo. Yaangalie bila kuyagusa, maana yakiingia jichoni yanaunguza vibaya. Weupe ule hautokani na rangi yoyote. Ni mwanga unaotawanywa na maelfu kwa maelfu ya vitone vya utomvu vilivyosambaa majini, na mpira kidogo umo humo. Kwa dakika chache tone linageuka kuwa gundi inayonata, kisha kuwa utando. Maji yameondoka, vitone vimekutana, vimeungana, na jeraha la mmea limefungwa. Umeona hatua zote za sura hii kwenye kijiti kimoja.

Mti wa mpira, Hevea, unafanya vivyo hivyo kwa wingi zaidi. Maziwa yake mabichi yana mpira kati ya asilimia 30 na 40, katika vitone ambavyo vingi havifiki mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Vitone hivyo vimevikwa protini na mafuta maalumu yenye chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana. Tia siki, chaji inafutika, na mpira unaganda donge moja. Tia amonia, unakaa wiki hata miezi bila kuganda. Tanzania ina mashamba ya miti hiyo Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Kilombero, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa.

Siwezi kutaja maziwa ya mpira nikiwa nimesimama Rubavu, macho yakitazama ng'ambo, nikakaa kimya juu ya Congo. Katika Dola Huru ya Congo ya Mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, wanakijiji walilazimishwa kugema mpira wa mtambaazi wa msituni, Landolphia. Hawakupewa vyombo wala dawa ya kugandisha. Wagemaji wengi walijipaka yale maziwa mwilini, mikononi na kifuani, wakasubiri yakauke kuwa utando, kisha wakaubandua pamoja na nywele zao. Emulsheni ya polima ya mmea iliwahi kukaushwa juu ya ngozi za watu wa Congo, kwa mtutu wa bunduki, ili magurudumu ya Ulaya yapate mpira. Anayekuja leo kutuuzia kiwanda cha malighafi ya mimea anapaswa kuulizwa mapema sana ni nani atakayegema, ni nani atakayelima, na kwa malipo gani.

Kwa kufungia chakula, hata hivyo, mpira si chaguo langu. Unanata, na kuna watu ambao miili yao hupambana na protini zake. Tutazame kwingine.

Emulsheni ya kwanza iliyobadilisha karatasi ilitoka kwenye msonobari. Mwaka 1807 fundi wa saa wa Ujerumani, Moritz Friedrich Illig, alichapisha njia yake ya kuchanganya kolofani, ule ulimbo mgumu unaobaki utomvu wa msonobari ukishatolewa tapentaini, moja kwa moja kwenye uji wa karatasi, pamoja na shabu. Kabla ya hapo karatasi ya kuandikia ilichovywa katika gundi ya ngozi za wanyama. Njia ya Illig ilienea dunia nzima. Ilikuwa na dosari moja kubwa: shabu iliifanya karatasi kuwa na asidi, na ndiyo sababu vitabu vingi vya karne ya 19 vinavunjikavunjika mikononi leo. Kolofani si polima hasa, molekuli zake ni fupi, lakini ndiyo mwalimu mzuri kuliko wote wa namna emulsheni inavyotengenezwa. Inapatikana karibu, kwani misonobari ya Sao Hill, Mufindi, Tanzania, hugemwa utomvu.

Kolofani iliyopondwa inalainika kabla ya nyuzi 90 za Selsiasi. Jambo hili lina maana Rubavu, kwa sababu mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, pungufu ya pwani. Inatosha. Sufuria inawekwa nje penye upepo, maana moshi wa kolofani unaweza kumletea pumu anayeuvuta kila siku. Ikishalainika, unatia alikali kidogo. Sehemu ya asidi za kolofani inageuka sabuni, hapohapo ndani ya sufuria. Hakuna haja ya kununua sabuni nyingine. Kisha maji ya moto, kidogo kidogo, huku mwiko haupumziki. Maji ya mwanzo yanamezwa na ulimbo. Mchanganyiko unakuwa mzito, unavuta, mkono unachoka, na anayefanya mara ya kwanza huamini kwamba ameharibu. Aendelee. Maji yakifika kiasi fulani, mchanganyiko unapinduka ghafla: uliokuwa ulimbo wenye vitone vya maji ndani yake unakuwa maji yenye vitone vya ulimbo. Mwiko unakuwa mwepesi kwa mara moja, na sufuria imejaa maziwa meupe. Wataalamu wa rangi hutengeneza baadhi ya emulsheni zao kwa mpinduko huohuo, ila mwiko wao ni mashine.

Ukubwa wa kitone ndio unaoamua kama kazi itadumu. Polima kama PLA, ambayo nitaieleza punde, ni nzito kuliko maji kwa robo hivi, kwa hiyo vitone vyake vinataka kuzama. Ukipiga hesabu, kitone cha mikroni 10 kinashuka zaidi ya mita moja kwa siku. Pipa litakuwa na tope chini kesho asubuhi. Kitone cha mikroni 1 kinashuka sentimita moja tu hivi kwa siku, kwa sababu kasi inapungua kwa mraba wa kipenyo. Chini ya hapo, mtikisiko wa molekuli za maji zenyewe unatosha kukiweka kikielea. Ndiyo maana viwanda vinatumia mashine za kukata kwa kasi na shinikizo kubwa, na ndiyo maana maziwa ya ng'ombe ya kiwandani hupitishwa kwenye mashine ya namna hiyo ili malai yasipande juu.

Sasa PLA. Ni polima ya asidi ya laktiki, asidi ileile inayochachusha ikivuguto, maziwa ya mgando ya Rwanda. Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, aliitenga kutoka kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Leo viwanda vinaipata kwa kuwalisha bakteria sukari ya mahindi au miwa, kisha vinaunganisha molekuli zake kuwa mnyororo mrefu. PLA inang'aa kama kioo, inazuia mafuta, na karatasi iliyopakwa PLA haipitishi maji haraka. Tatizo ni kuiingiza majini. Inayeyuka kwenye nyuzi 150 na zaidi, ambako maji ya sufuria yameshapotea angani. Kwa hiyo kuna njia mbili: mashine yenye shinikizo inayoikanda ikiwa moto pamoja na maji yasiyoruhusiwa kuchemka, au kuiyeyusha katika kiyeyushi kama asetati ya ethili, kuikata kuwa vitone ndani ya maji, kisha kukivukisha kiyeyushi na kukikamata. Njia ya kwanza inahitaji mtaji mkubwa. Ya pili inaturudishia mvuke tuliotaka kuukimbia, japo huu ni mpole kuliko tolueni na unaweza kurejeshwa kwenye pipa.

PLA ina tabia nyingine ambayo muuzaji huwa haisemi hadi umeshanunua. Viungo vinavyoshikilia mnyororo wake hukatwa na maji. Huo ndio wema wake, ndiyo maana inaoza. Lakini maana yake ni kwamba polima iliyoumbwa ivunjwe na maji inawekwa ndani ya maji, kwenye pipa, ikisubiri mteja. Ikikaa kwenye joto, minyororo inakatika, asidi inaongezeka, na asidi hiyo inaharakisha kukatika kwa minyororo iliyobaki. Rangi ya maji ya ukutani inaweza kukaa stoo muda mrefu. Emulsheni ya PLA inataka baridi na haitaki kucheleweshwa. Kontena lililokwama bandarini Mombasa au Dar es Salaam kwenye jua, kisha likapanda lori mpaka Rubavu, linaweza kufika na maziwa yaliyokwisha nguvu. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kutengeneza utando karibu na unapotumika. Kununua pipa la maziwa kutoka mbali ni kulipia usafirishaji wa maji.

Na kukauka kwake? Utando wa umuyenzi unajiunga wenyewe kwa sababu vitone vyake ni laini. Vitone vya PLA ni vigumu mpaka kwenye nyuzi 55 hadi 60. Hali ya hewa ya Rubavu mara nyingi iko kwenye nyuzi ishirini na kitu. Ukipaka na kuanika, maji yataondoka, vitone vitagusana, lakini havitakubali kuungana. Utapata ungaunga mweupe unaofutika kwa kidole. Lazima utie kilainishi ndani ya polima au upitishe karatasi kwenye kikaushio chenye joto. Joto, kwa bahati, si jambo geni mjini hapa. Tangu mwaka 1963 gesi ya methani iliyovutwa ziwani Rubona ilitumika kuchemshia maji katika kiwanda cha bia cha Bralirwa.

Kwa mwenye mtaji mdogo ningeanza na muhogo. Wanga wa muhogo ni polima ambayo mmea umeshaitengeneza kikamilifu. Hauhitaji bakteria wala kiwanda cha kemikali. Ukipashwa na maji mpaka kati ya nyuzi 60 na 70, chembe zake zinavimba na kupasuka, na unapata uji laini unaokauka kuwa utando angavu. Ongeza gliserini kidogo ili usipasuke. Utando huu unazuia mafuta vizuri sana: mandazi, sambusa, chipsi, nyama ya kukaanga, vyote vingekaa ndani ya bahasha iliyopakwa wanga bila kuacha doa nje. Maji ndiyo yanayoushinda, kwa sababu wanga wenyewe unapenda maji. Hapo ndipo emulsheni ya ulimbo au nta inapoingia: inachanganywa kwenye uji au inapakwa juu yake kama koti la pili. Wanga unaziba vinyweleo vya karatasi ili koti la pili lisizame ndani, na koti la pili linaulinda wanga dhidi ya maji.

Kuna watakaouliza kama ni halali kupaka chakula kwenye mifuko. Wana haki ya kuuliza, hasa Rwanda, ambako muhogo umewahi kupigwa vibaya na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Basi tupige hesabu. Bahasha yenye upana wa sentimita 20 na urefu wa 25, pande mbili, ina eneo la sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba. Utando wa gramu 10 kwa mita ya mraba, ambao ni wa kutosha kabisa, utahitaji gramu moja. Kilo moja ya wanga inapaka bahasha elfu moja. Kiwanda cha muhogo cha Kinazi, wilayani Ruhango, kilifunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya unga. Mabaki na mihogo isiyofaa kwa unga ingetosha kwa bahasha nyingi mno kabla mtu hajakosa ugali.

Kitone nacho kinahitaji mlinzi. Viwandani mlinzi huyo mara nyingi ni polivinili alkoholi, inayotokana na petroli. Inafanya kazi vizuri, lakini inaudhi kutengeneza utando wa mimea kisha kuushikilia kwa petroli. Karibu na Rubavu kuna mlinzi mwingine. Nyanda za Gishwati zinajulikana kwa ng'ombe na jibini. Kaseini, protini ya maziwa, ndiyo inayokivika kitone cha mafuta katika maziwa yaliyopitishwa mashine, na imetumika tangu kale katika rangi na gundi. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, ambayo mwenye jibini asipokuwa na ndama wala nguruwe wa kumnyweshea huyamwaga, yana sukari ya maziwa, na sukari hiyo bakteria wanaigeuza kuwa asidi ya laktiki. Sidai kwamba kesho Gishwati itakuwa na kiwanda cha PLA. Kuunganisha minyororo mirefu ni kazi ya mitambo mikubwa. Lakini kaseini iko tayari.

Mlinzi wa tatu ni chembe ngumu. Mwaka 1903 Walter Ramsden, na mwaka 1907 Spencer Pickering, wote wa Uingereza, walieleza kwamba chembe ndogo zikijipanga kwenye uso wa kitone zinaweza kukilinda bila sabuni yoyote. Vipande vidogo sana vya nyuzi za mimea vinaifanya kazi hiyo. Migomba imejaa kila kilima cha wilaya hii, na shina la mgomba likishazaa hukatwa na kuachwa lioze shambani. Hapa naona kazi ya utafiti kwa mwanafunzi wa kemia wa Rwanda au wa Goma ambayo haihitaji kusubiri mfadhili kutoka mbali.

Nimeliacha swali gumu kwa makusudi. Utando ukishamaliza kazi, unaenda wapi?

Ziwa Kivu linamwaga maji yake kusini, kwa mto Ruzizi, kuelekea Tanganyika. Karibu na mto huo unapotoka ziwani, Bukavu, lipo bwawa la umeme la Ruzizi la Kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mvua ikinyesha, plastiki kutoka mitaa ya pembezoni mwa ziwa inaelea mpaka pale, inafunika maji, na inaziba mitambo. Watu wanaitoa kwa mikono na mashua, siku baada ya siku, na umeme unakatika majumbani. Mtu akiuliza mfuko uliotupwa una madhara gani, ningempeleka pale kabla ya kumpa kitabu chochote.

Je, mfuko wa karatasi wenye utando wa PLA ungeoza kabla ya kufika Ruzizi? Karatasi ndiyo. PLA hapana, si kwa kasi inayotufaa. Kipimo kinachotumika sana, cha Ulaya, EN 13432, kinadai kwamba asilimia 90 ya kaboni ya kitu igeuke hewa ya kaboni dayoksaidi ndani ya miezi 6, lakini kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzi 58 hivi. Uso wa Ziwa Kivu una nyuzi 24 hivi. Chini ya mita 60 au zaidi kidogo hakuna oksijeni kabisa, na kina chake kinafika mita 485. Kitu kinachozama humo hakikutani na vijidudu vya mboji. Kile kinachoozeshwa bila oksijeni kinatoa methani, na ziwa hili tayari limebeba karibu kilomita za ujazo 60 za gesi hiyo, pamoja na 300 hivi za kaboni dayoksaidi. Ziwa Kivu ni mahali pa mwisho duniani pa kutupia kitu kwa imani kwamba kitaoza chenyewe.

Wanga unaoza kwenye udongo wa kawaida, kwenye maji ya kawaida, kwa vijidudu vya kawaida. Kaseini vilevile. Kuna pia polima za jamii ya PHA, ambazo bakteria wanazihifadhi ndani ya miili yao kama akiba ya chakula. Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliitambua ya kwanza miaka ya 1920. Hao bakteria wanalishwa sukari au mafuta ya mimea, na kwa kuwa wenyewe huiweka polima kama chembe ndogo zilizotengana, ni kama wanakukabidhi emulsheni iliyokaribia kuwa tayari. PHA inaoza kwenye udongo na ziwani bila tanuri. Bado ni ghali kwa muuza sambaza. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: PLA inafaa mahali penye ukusanyaji wa taka na mboji ya joto kali, kama hoteli au shule inayokusanya vyombo vyake vyote. Kwa soko la wazi linaloangalia ziwa, wanga na kaseini, pamoja na koti la ulimbo au nta, vitangulie, hata kama vinazuia maji kwa saa mbili tu. Safari ya kutoka sokoni hadi jikoni Rubavu haizidi hapo.

Rwanda imejitwisha mzigo huu hadharani. Ni Rwanda na Peru zilizopeleka Nairobi pendekezo lililozaa azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 2 Machi 2022, la kuandaa mkataba wa dunia juu ya plastiki. Kwenye mazungumzo ya mkataba huo huko Busan, Desemba 2024, Juliet Kabera, mkuu wa mamlaka ya mazingira ya Rwanda, alisimama kusoma tamko kwa niaba ya mataifa 85 yaliyotaka mkataba wenye meno. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yaliisha bila makubaliano. Nchi inayoongea kwa sauti hiyo duniani inastahili kuwa na karakana moja mpakani inayopaka bahasha za sambaza, na kuziuza kwa bei inayomfanya mchuuzi wa Petite Barrière aone kwamba shashi halilipi tena. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya askari na faini.

Wewe msomaji una sehemu yako, na huhitaji maabara. Ukiuziwa bahasha au kikombe kilichoandikwa kwamba kinaoza, tia maji ndani, kiweke juu ya gazeti, utazame baada ya nusu saa. Utajua kama utando upo. Kisha muulize muuzaji kilipimwa kikioza katika joto gani. Akikujibu nyuzi 58, usikiache kifike ziwani.